"Jambo Bwana" na Kiswahili cha Hotelini

Mtoto wa Mikocheni, Dar es Salaam, anapokutana na mtu mzima husema "Shikamoo" na kujibiwa "Marahaba". Kwa rika lake husema "Mambo". "Jambo" tupu halimo katika salamu zake, labda amwone mtalii. Hata hivyo, hiyo ndiyo salamu ya Kiswahili inayofahamika mno ng'ambo, na sehemu kubwa ya umaarufu huo imetokana na wimbo mmoja wa Mombasa.

Bendi ya Them Mushrooms ilikuwa ikiwatumbuiza watalii katika hoteli za pwani ya Kenya. Teddy Kalanda Harrison, mmoja wa waasisi wake, alitunga "Jambo Bwana" kwa maneno machache ambayo mgeni angeweza kuyashika kwa usiku mmoja. Wimbo ulitoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M. la Ujerumani lilitoa toleo lake, na msemo "hakuna matata" ukasambaa.

Kisarufi, "hujambo" ni kauli ya ukanushi: huna jambo, yaani hukupatwa na neno baya. Ndiyo maana hujibiwa "sijambo", na kwa wengi "hamjambo", "hatujambo". Ikidondoshwa *hu-*, ukanushi na nafsi huondoka pamoja. Hubaki nomino isiyouliza kitu. "Matata", kwa upande wake, ni Kiswahili halisi, jamaa ya "utata" na "tatizo", ingawa Mtanzania kwa kawaida husema "hakuna shida".

Wapo wanaodai kuwa wimbo huu ulikiharibu Kiswahili. Lawama hiyo haina uzito. Salamu hiyo iliyokatwa ilikwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha walowezi miongo mingi kabla yake. Isitoshe, miaka hiyohiyo Marijani Rajabu na Dar International walikuwa wakiimba visa virefu kwa Kiswahili kamili, kwa sababu wasikilizaji wao hawakuhitaji kurahisishiwa. Tofauti ni ya hadhira, si ya umahiri.

Suala zito zaidi ni la umiliki. Baada ya filamu yake ya *The Lion King* (1994), kampuni ya Disney ilisajili "hakuna matata" nchini Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi, usajili uliokamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini ombi la kuupinga. Alama hiyo haimzuii yeyote kuutamka msemo wala bendi kuuimba, inahusu fulana. Lakini fulana ndizo zinazouzwa kwa watalii walewale ambao wimbo ulitungiwa.