Franga 5 ya Leopold: nani anathibitisha kama ni ya kweli?

Kwetu neno feza linabeba vitu viwili: madini na pesa. Katika franga 5 ya Etat Indépendant du Congo, vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Sarafu hiyo ilitengenezwa Bruxelles kati ya 1887 na 1896. Leo wakusanyaji wanaitafuta, na penye watafutaji, ya uongo nayo inafika sokoni. Basi tutajuaje?

Tuanze na sarafu yenyewe. Iko na gramu 25, upana wa milimita 37, na sehemu 900 kwa 1000 ni feza safi. Vipimo hivyo Leopold II hakuvitunga: ni vilevile vya franga 5 za Ubelgiji na Ufaransa za wakati ule. Upande mmoja kuko kichwa chake na ndevu zake. Upande wa pili kuko simba wawili na neno la serikali yake: "Travail et Progrès", yaani Kazi na Maendeleo.

Mimi nilisoma agronomi. Kwetu gunia la mbegu haliaminiwi kwa maneno ya muuzaji. Mtu asiyeuza wala kununua anapima usafi na uotaji, njo etiketi inafungwa. Kwa sarafu, kazi hiyo ilichelewa. Muuzaji alisema "hii ni mpya kabisa", mnunuzi akajibu "hii imechakaa", na kila mmoja alikuwa hakimu wa mfuko wake. Mwaka 1949, Mwamerika William Sheldon alitoa kipimo cha 1 mpaka 70 kwa senti kubwa za shaba za kwao. Kisha huko Marekani zikaanza kazi PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987. Wataalamu wao wanakagua uzito, maandishi, ukingo, na kama sarafu iliwahi kusuguliwa. Ikipita, inafungwa ndani ya kasha ya plastiki yenye namba. Lakini hata makasha yanaigwa! Njo maana namba inatafutwa kwanza katika orodha ya kampuni, na picha inalinganishwa na sarafu.

Huduma hiyo inalipiwa, pamoja na safari ya kutuma. Kabla ya kufika huko, labo yetu ya kawaida inatosha kukamata uongo mwingi. Pima uzito. Leta sumaku: ikivuta, hiyo si feza. Isipovuta, usishangilie bado, juu shaba pia haivutwi. Weka kikombe cha maji juu ya balansi, rudisha balansi kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Feza ya kweli ya gramu 25 itaonyesha karibu gramu 2,4. Shaba tupu ya uzito uleule itaonyesha karibu 2,8. Na tafadhali, usiisugue na ndimu wala mchanga: ukifanya hivyo, umeipunguzia bei wewe mwenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Katika kipimo hiki, namba 60 mpaka 70 ni za sarafu ambazo hazikutumiwa sokoni hata mara moja. Nazo njo zinazopendwa sana. Lakini ndani ya inchi, watu wetu wengi walilipwa mitako, nguo, shanga au chumvi, na kodi ilitolewa kwa kazi na kwa mpira wa pori, mara nyingi chini ya fimbo na bunduki. Kwa hiyo sarafu yenye namba kubwa ni ile ambayo hakuna mkono wa Mkongomani ulioizungusha. Ile iliyochakaa, yenye namba 10 ao 12, ilipita mikononi. Mikono ya nani? Kasha haisemi.

Wataalamu hawana kosa. Wanathibitisha feza, na kazi yao wanaifanya. Lakini sarafu inaweza kuwa ya kweli na maneno yake yakawa ya uongo. "Kazi na Maendeleo": kazi ilikuwa ya nani, na maendeleo ya nani?

Kwa hiyo, ukikuta franga hiyo kwenye sanduku la tate, pima, usisugue, na uliza wazee iliingia namna gani katika jamaa. Andika jibu pamoja na tarehe. Etiketi hiyo hakuna kampuni ya Marekani itakayotuandikia.