Kutoka Dosari hadi Sifa: Historia ya Nahau ya Kikantoni "Yat Laam Mou Wai"

Wasemaji wa Kikantoni mjini Hong Kong, wanapoisifu mandhari iliyotandaa mbele ya macho, aghalabu hutumia nahau yat laam mou wai. Maneno yake manne ni moja, tazama, bila, sazwa. Yaani, jicho likipita mara moja tu, hakisazwi kitu. Kimaandishi, nahau hii ni mali ya Wachina wote. Upekee wa Kikantoni umo katika matamshi: kimehifadhi konsonanti za mwisho za kale, t ya yat na m ya laam, ambazo katika Kichina sanifu zimedondoshwa au kugeuzwa.

Leo nahau hii ni sifa. Hata hivyo, dhana iliyomo ilipata kuwa dosari. Katika Shishuo Xinyu, mkusanyiko wa visa unaohusishwa na Liu Yiqing (403–444), yasimuliwa kwamba Huan Wen alipoujenga mji wa Nanzhou alizinyoosha barabara zake. Watu wakamwambia Wang Xun kuwa babu yake, Wang Dao, aliyeupanga mji wa Jiankang (Nanjing ya leo), alizidiwa, maana njia zake zilipindapinda. Wang Xun akajibu kwamba huo ndio uliokuwa ustadi wake: eneo lilikuwa finyu, na lau njia zingalinyooka, mji wote ungalimalizwa kwa tazamo moja. Kupinda kuliufanya uonekane hauna kikomo.

Hoja hiyo ina mwangwi katika uhakiki wa Kichina. Shairi linaloonekana lote mara moja hulaumiwa, kwa kuwa halikumwachia msomaji cha kutafuta.

Lawama iligeukaje sifa? Yamkini jibu limo katika mahali asimamapo mtazamaji. Apitaye njiani hufaidi mpindo. Aliye juu hufaidi uwazi. Huko Hong Kong, mlima wa Taai Ping Saan (mita 552) ulipata reli mwaka 1888, lakini sheria ya mwaka 1904 iliwazuia Wachina kuishi sehemu zake za juu, isipokuwa watumishi na waliopewa idhini, hadi ilipofutwa mwaka 1946. Kuitazama bandari nzima kutoka nyumbani kwako kulikuwa, zaidi ya uzuri, alama ya cheo.

Kwa hiyo mfasiri hawezi kutosheka na "mandhari ya kuvutia". Hana budi kuuliza kwanza: kinachotazamwa ni bahari au ni shairi?