Kupanda dau au kupasi: mambo ya ziwa letu 1916

Wana wa hosteli wamenifundisha briji, karata za wawili kwa wawili. Kila upande unataja dau, yaani utashinda mizunguko mingapi kati ya 13. Kucheza kwenyewe si kazi sana. Kazi ni pale wenzenu wameshataja dau lao: mpande au mpasi? Saa nyingine unapanda ukijua kabisa utaanguka. Wao wakitimiza 4 za shupaza wanaweza kuzoa 620, wewe ukitaja 5 za uru ukapungukiwa mizunguko miwili, hata wakikupigia dabo unaweza kutoa 300 tu. Umeliwa, ila umeliwa kidogo.

Mi mtu wa Kigoma nikaikumbuka Götzen. Wajerumani waliishusha majini pale Kigoma Februari 1915. Waingereza wakaleta viboti viwili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi upande wa Kongo, sehemu nyingine vikikokotwa porini kwa nguvu za Waafrika (hao hakuna aliyewauliza kama wanapasi). Kamanda Spicer-Simson akaiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, akaizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Kesho yake Götzen ikatokea, akakataa kuifuata.

Wengi wanamcheka, eti mwoga. Mi sikubali. Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, viboti vyake vya mbao! Hapo unapasi bila aibu. Ila Juni, pale Bismarckburg (Kasanga ya leo), akapasi tena kwa kuogopa mizinga ya ngome, kumbe ni magogo yamechongwa tu. Wajerumani wakatoroka usiku kwa mashua. Hapo alichemsha kweli.

Aliyejua hesabu ni Mjerumani. Mzinga wa Götzen ulishapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, Wabelgiji wanakaribia Kigoma, meli itachukuliwa tu. Kwa hiyo tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha wenyewe, ila kwanza mafundi wakazipaka injini grisi nzito. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia mjini. Waingereza ndo waliiopoa 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Injini zilikutwa bado zinafaa.