Sifuri ya Cleveland

Kasi ni miongoni mwa maneno yanayopendwa mno katika hotuba na taarifa za kiofisi. Tunaambiwa mambo yanakwenda kwa kasi, na ni nadra kumpata wa kuuliza: imepimwa kwa kulinganishwa na nini? Kwa wanafizikia swali hilo si utovu wa adabu. Ndilo mwanzo wa kipimo chenyewe.

Mwaka 1632 Galileo Galilei alichapisha huko Florence kitabu kuhusu mifumo miwili ya ulimwengu. Humo alimwalika msomaji ajifungie chumbani chini ya sitaha ya merikebu. Merikebu ikienda sawasawa bila kuyumba, vipepeo huruka pande zote na matone ya maji huanguka wima, kana kwamba imetia nanga. Aliyemo ndani hawezi kuujua mwendo wa chombo mpaka achungulie pwani. Hoja hiyo iliwajibu waliodai kwamba kama Dunia ingekuwa inakwenda, tungehisi. Mwaka uliofuata mahakama ya Kanisa kule Roma ilimhukumu, akaishi katika kifungo cha nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642.

Karne ya 19 wanasayansi walidhani wameipata pwani ya ulimwengu mzima. Kwa kuwa nuru husafiri kama wimbi, waliona sharti kiwepo kitu kinachoibeba. Wakakiita etha, na wengi wakaamini kimetulia tuli angani kote. Dunia hulizunguka Jua kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde. Basi mwendo huo ungepimwa kwa kulinganishwa na etha.

Mwaka 1887, mjini Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walipanga vioo juu ya bamba la jiwe lililoelea kwenye zebaki, ili lizungushwe bila mtikisiko. Mwali wa nuru uligawanywa, ukapelekwa pande mbili zenye pembemraba baina yake, kisha ukaunganishwa tena. Kadiri jiwe lilivyozunguka, mistari ya mwanga na giza ilitarajiwa kusogea. Walichokiona hakikufika hata sehemu 1 kati ya 20 ya walichokitarajia.

Hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi. Michelson aliiamini etha, na jawabu hilo halikumfurahisha. Hata hivyo hawakuteua vipimo vya kuwapendeza wenzao. Waliyachapisha matokeo mwaka uleule. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba etha haihitajiki: hakuna pahali palipotulia pa kupimia mwendo wote, na wapimaji wote waendao mwendo wa sawasawa huiona nuru ikiwa na kasi ileile.

Mtumishi wa umma anayeandika taarifa ya mradi hukabiliwa na mtihani wa jinsi hiyo. Akitakiwa aandike "kasi ya kuridhisha", hana budi kutaja pia: tangu mwaka upi, na kwa kulinganishwa na lengo lipi. Kipimo kikitoa sifuri, aiandike sifuri, ingawa najua wakubwa wanaweza kununa. Lakini mzigo huo si wake peke yake. Sifuri ya Cleveland ilizaa matunda kwa sababu walikuwapo wasomaji waliokuwa tayari kuyabadili mawazo yao. Ya kwetu ikiandikwa, nani ataisoma?