Farasi wa karatasini na farasi wanaofika kwenye tairi

Kwetu Mwambao gari ni mali. Huyu ana Probox ya kubebea samaki, yule ana Hiace ya abiria, mwingine amejinyima miaka aletewe gari kutoka Japani. Na kila panapouzwa gari utasikia hesabu ya farasi: "Hii ina farasi mia na kitu." Swali langu huwa moja: farasi hao wamehesabiwa wapi? Mashine ya kuwahesabu ipo, inaitwa daino. Nitaeleza inavyofanya kazi, ili mtu asiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na vitu viwili vinavyopimwa. Cha kwanza ni nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toku. Nati ya gurudumu ikikushinda kwa spana fupi, ukachomeka bomba refu kwenye spana ikafunguka, misuli yako haikuongezeka. Kilichoongezeka ni toku. Hupimwa kwa nyutonmita.

Cha pili ni nguvu farasi, yaani kazi inayofanyika kwa muda fulani. Kipimo hiki alikiweka James Watt wa Uskochi katika karne ya 18, ili wateja wajue injini yake ya mvuke inafanya kazi ya farasi wangapi. Farasi wa Kiingereza ni wati 746. Wajapani hutumia farasi wa metriki, anayeandikwa PS, ambaye ni wati 735 na nusu.

Viwili hivi vimefungamana. Chukua nyutonmita, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Kwa hiyo daino haioni farasi moja kwa moja. Hupima mzunguko na nguvu ya kuzungusha, kisha hupiga hesabu.

Faida ya kujua tofauti hii ni nini? Tazama Hiace. Injini ya petroli ya lita 2, 1TR-FE, ilitangazwa Japani kuwa na farasi 133 na nyutonmita 182. Ya dizeli ya lita 3, 1KD-FTV, ilitoka na farasi 136 na nyutonmita 300. Ukihesabu farasi pekee utadhani ni pacha. Pakia abiria na mizigo uanze kupanda mlima wa Mazeras, hapo utawajua. Dizeli hutoa toku yake yote ikiwa chini ya mizunguko 2,500. Petroli lazima ishushwe gia na kuungurumishwa hadi karibu 4,000. Anayetafuta gari la kazi aulize toku kwanza, tena aulize inapatikana kwa mizunguko mingapi.

Sasa tuje kwenye daino yenyewe. Ziko za kupima injini iliyotolewa garini, na hizo ndizo viwanda hutumia kupata hesabu za kutangaza. Za gereji hupima gari zima: tairi zinazovuta hukaa juu ya rola za chuma, na gari hukimbia bila kwenda popote. Aina moja ina rola nzito ambayo uzito wake unajulikana. Kompyuta hutazama rola inaongeza kasi upesi kiasi gani na kukokotoa nguvu. Aina nyingine ina breki ya sumaku inayoizuia rola, hivyo fundi anaweza kuibana injini kwenye mzunguko mmoja na kuichunguza. Usichanganye na mashine ya kukagua breki. Ile nayo ina rola, lakini haipimi injini.

Kipimo huenda hivi. Gari hufungwa kwa mikanda imara, tairi hujazwa upepo sawasawa, injini hupashwa moto vizuri, na feni kubwa huwekwa mbele ya rejeta. Fundi huchagua gia iliyo karibu na moja kwa moja, mara nyingi ya nne kwa gari la gia za mkono, kisha hukanyaga mafuta hadi mwisho kutoka mizunguko ya chini mpaka ya juu. Hurudia mara tatu hivi. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari, na moshi lazima utolewe nje, maana hewa ya sumu ya eksozi haina harufu ya kukuonya.

Hesabu ya kwenye rola huwa chini ya ile ya kiwandani, na hilo si lazima liwe ugonjwa. Giaboksi, shafti, difu na tairi zote hula sehemu yake. Mafundi wengi hukadiria asilimia 10 hadi 20, na zaidi kwa gari linalovuta magurudumu manne. Gari la farasi 109 kwa karatasi likitoa 90 kwenye tairi halina neno. Likitoa 65, tafuta sababu: plagi, nozeli, filta ya hewa, au injini iliyochoka.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa pwani. Injini huvuta hewa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kani ya hewa huko ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu farasi mmoja katika kila sita. Kwa sababu hiyo kompyuta za daino hurekebisha hesabu. Kipimo cha SAE J1349, kwa mfano, huchukulia joto la digrii 25 na kani ya hewa kavu ya milibari 990. Injini ya turbo haipotezi kiasi hicho, hivyo marekebisho hayo yaweza kuitia farasi isionao. Omba upewe hesabu zote mbili, iliyorekebishwa na isiyorekebishwa.

Hapa ndipo watu huliwa pesa. Mtu hufungiwa eksozi mpya au hubadilishiwa programu ya injini, aambiwe gari limeongezeka farasi 20, bila karatasi ya kabla. Kubadilisha gia, upepo wa tairi, mkazo wa mikanda au kanuni ya marekebisho kunatosha kubadilisha hesabu hata kama injini haikuguswa. Ushahidi ni mmoja tu: kupima kabla na baada, kwenye daino ileile, gia ileile, siku ileile ikiwezekana.

Ukipewa mchoro wenye farasi wa Kiingereza na toku kwa ratili-futi, vikiwa kwenye kipimo kimoja cha wima, mistari miwili lazima ikatane kwenye mizunguko 5,252, mradi injini imefikishwa huko. Isipokatana hapo, mwambie fundi akueleze kwa nini kabla hujatoa pesa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pima gari likiwa zima, weka karatasi. Siku likianza kulegea utakuwa na cha kulinganisha, na siku ukiliuza utakuwa na cha kumwonyesha mnunuzi.