Mtaa wa Wachukuzi: Maneno na Desturi za Kariakoo Kama Tulivyozijua Utotoni

Waandikao habari za miji hupenda kuanza na ngome, nyumba za ibada na majumba ya magavana. Mtaa wa maduka wa watu wa kazi huachwa nyuma, maana hauna jiwe lenye maandiko wala mtu wa kumwongoza mgeni. Walakini mtaa wa namna hiyo una kumbukumbu zake, nazo zimewekwa katika maneno ya watu wake. Twataka hapa kuzitafuta kumbukumbu hizo katika Kariakoo ya Dar es Salaam, tulikokulia katika miaka ya 1950, wakati baba zetu walipokuwa wafanyakazi wa bandari, wa reli, na watumishi wa nyumbani.

Tuanze na jina lenyewe. Wadachi walijenga jengo la soko mahali hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini halijaanza kazi yake vita ikaingia. Waingereza waliutwaa mji tarehe 4 Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wachukuzi wa jeshi lao. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Neno la kwanza, likipita katika kinywa cha Mswahili, huwa karia. Na la pili, ambalo Waingereza wenyewe hawatamki herufi zake mbili za mwisho, huwa koo. Ndiyo Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor, uliozaliwa na jina lile lile. Miji ni miwili na matamshi ni mawili, bali msiba ni mmoja.

Twasema msiba kwa sababu hii. Katika vita ile ya Afrika ya Mashariki, magari hayakuweza kupita katika tope na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Chakula cha askari, risasi zake na dawa zake zilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wanahistoria wakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake waliandikwa karibu watu milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Na waliokufa ni makumi ya maelfu. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, kwa sababu ya unga usioiva, mvua, na kukosa nguo za kujifunika. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Wasomaji wetu walio makasisi watakumbuka kwamba Askofu Frank Weston wa Unguja alikusanya kikosi cha wachukuzi mwaka 1916, akaenda nacho bara yeye mwenyewe; na vita ilipokwisha, mwaka 1920, aliandika kuwalaumu wale waliotaka kuwatumikisha Waafrika kwa lazima katika Kenya.

Jengo lile lilifunguliwa kuwa soko mwaka 1923, na kambi ikageuka kuwa mahali pa kuuzia ndizi na samaki. Mwaka uliofuata mji uligawanywa kwa kanuni za ujenzi katika sehemu tatu, ambazo watu waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Kariakoo ikawa ndiyo moyo wa Uswahilini. Nyumba zake zilikuwa za vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele. Baraza hiyo ndiyo iliyoufanya mtaa kuwa mtaa, maana fundi cherehani alishonea hapo, muuza kahawa alipumzisha dele lake hapo, na wazee waliketi hapo kuhukumu ugomvi kabla haujafika kwa hakimu.

Sisi watoto tulikuwa watumwa wa mtaa kwa maana njema: tulitumwa dukani mara tano au sita kwa siku. Hatukutumwa kununua vingi. Mtu wa mshahara mdogo hanunui gunia. Anunua kibaba cha mchele, na kibaba ni robo ya pishi. Anunua kipande cha sabuni kilichokatwa katika mche, mafuta ya taa ya usiku mmoja, na sukari iliyofungwa katika karatasi ya gazeti. Nje ya duka, mwanamke wa Kizaramo aliyetoka shamba alipanga mihogo na dagaa kwa mafungu juu ya jamvi. Senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, nasi tulizitunga katika uzi ili zisipotee njiani. Kabla ya kutaja haja yetu ilitupasa kusema shikamoo, hata kama duka limejaa watu. Mtoto aliyeanza na bei kabla ya salamu alirudishwa kwao mikono mitupu, na mama yake hakumtetea.

Desturi ya pili ni ya nyongeza. Muuzaji akiisha kupima, hutia kidogo juu: konzi ya mchele, au kitunguu kimoja. Asiyeongeza aliitwa bahili, ijapokuwa kipimo chake kilikuwa cha haki. Twaona hapa kwamba watu walitofautisha haki na wema, wakavitaka vyote viwili katika biashara moja. Mwalimu atakaye kueleza tofauti hiyo darasani hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Desturi ya tatu ni ya deni. Fedha ilikuwapo mwisho wa mwezi, lakini njaa haikungoja mwisho wa mwezi. Tena sheria ya mwaka 1931, iliyokuwa na nguvu bado utotoni mwetu, ilisema kwamba mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hawezi kumdai mahakamani ila kama deni limeandikwa na kukubaliwa na serikali. Ilisemekana kwamba sheria hiyo ni ya kumlinda Mwafrika. Katika mtaa ilikuwa na matokeo mawili. Mwenye duka asiyemwamini mtu alimtaka rehani. Ndiyo maana katikati ya mwezi kanga nzuri za mama zetu zililala katika duka la rehani, zikarudi siku ya mshahara. Na mwenye duka aliyemwamini mtu alikuwa na daftari tu, hana hakimu nyuma yake. Deni hilo lililipwa kwa sababu ya uso, yaani mtu hawezi kupita mbele ya baraza akiwa na jina baya. Watu walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga hayo walihudhuria.

Sasa twarudi kwa wachukuzi. Jambo lisilosemwa na mtu utotoni mwetu ni kwamba kambi ilikuwa imeondoka, bali kazi yake haikuondoka. Alfajiri tuliamshwa na magurudumu ya mikokoteni. Muuza maji alipita na mzega, mti wa begani wenye debe huku na huku. Hamali waliingia sokoni na magunia na matenga ya nyanya, kata zimekazwa vichwani, wakipaza sauti wapishwe. Mtaa wote ulisimama juu ya shingo zao.

Lugha yetu yaeleza kazi hiyo kwa usahihi mwingi. Mtu hutwikwa mzigo, maana ni vigumu kujitwika peke yake. Na akifika huutua, au hutuliwa na mwenzake. Mahali pa kutua ni kituo. Leo kila abiria angojaye basi husema yuko kituoni, asifikiri kwamba anatumia neno la wapagazi wa misafara. Mama humweleka mtoto kwa mbeleko. Mpagazi latokana na kupagaa, kuchukua begani. Na mtu aliyeingiwa na pepo husemwa amepagawa, kama kwamba pepo amemkalia mabegani. Hamali twalipata kwa Waarabu. Kibarua ni barua ndogo, yaani ile karatasi aliyopewa mfanyakazi wa siku. Karatasi ikampa mtu jina lake, na vibarua wa bandari ndio walioanza mgomo mkubwa wa mwaka 1947. Na mchukuzi amezaa uchukuzi, neno ambalo serikali ya Tanzania imeipa wizara yake ya reli, bandari na ndege.

Mtaani petu palikuwa na mzee muuza kahawa ambaye tulimwita babu, kama tulivyowaita wazee wote. Alikuwa mchukuzi katika vita ile. Hakusimulia mapigano, kwa kuwa hakuyaona. Alisimulia kwamba alipewa namba katika kibati cha kuvaa, na kwamba wenzake wa kijiji kimoja walizikwa njiani, kila mmoja mahali pake, pasipo jamaa wa kuwaosha. Mtu akimwuliza anakaa wapi, hakusema Kariakoo. Alisema, nakaa karibu na soko.

Katika njia iitwayo sasa Samora, imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya ukumbusho wa vita ile. Maandiko yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yawataja wachukuzi pamoja na askari. Lakini sanamu ni ya askari mmoja mwenye bunduki. Mchukuzi hana uso pale. Kule Nairobi walimchonga pamoja na wenzake. Hapa kwetu ukumbusho wake mkubwa ni neno tu, na neno hilo twalitamka kila siku tukienda kununua vitunguu. Mzigo wa mwenzio, husema wahenga, ni kanda la usufi.

Mtaa umebadilika. Jengo la kale liliondolewa, na soko jipya lililobuniwa na Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975. Nyumba nyingi za vyumba sita zimebomolewa, na baraza zimekwenda pamoja nazo. Mahali pake yamejengwa maghorofa ya maduka. Soko liliungua tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja lilianguka likaua watu zaidi ya 20. Kibaba na ratili vimeishiwa nguvu mbele ya kilo. Lakini fungu lingalipo, nyongeza ingalipo, na watu wabebao mizigo wangali wakipita katikati ya magari wakiomba njia.

Twaliandika hili kwa ajili ya walimu. Majina ya mitaa hufundishwa mara nyingi kama orodha, nayo husahauliwa kama orodha. Yafaa kila mwalimu awatume wanafunzi wake kwa wazee, waulize mtaa wao uliitwaje na kwa nini, vipimo gani vilitumika, deni lililipwaje, na mzigo ulibebwa na nani. Majibu yaandikwe pamoja na neno lenyewe kama lilivyotamkwa, pasipo kulisahihisha. Mtoto wa Dar es Salaam akijua kwamba jina la soko lake ni jina la watu waliokufa wakiwa wamebeba chakula cha wengine, atamwona kwa macho mengine yule ambebeaye gunia leo. Ampishe njia, na amwamkie kwanza, kama tulivyofundishwa dukani.