Vita ya Kibumba kwa Macho ya Wamama

Ukimwuliza mtu wa Goma historia ya Kibumba, atakuhesabia majeshi: nani aliingia mwaka gani, nani alifukuzwa na nani. Hesabu hiyo si ya uongo. Lakini inasahau nusu ya watu, tena ile nusu iliyobeba mzigo mkubwa. Ndiyo maana hapa tunapita njia nyingine, ya maji, chakula na kuni.

Tuanze na maji. Kibumba iko kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, juu ya mawe ya volkano. Mvua inanyesha, lakini ardhi inameza yote. Tangu zamani kutafuta maji ni kazi ya wamama na wasichana. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi laki nyingi walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, na kambi moja kubwa ikawekwa Kibumba, pahali pasipo na mto. Maji yakawa ya kuletwa na malori. Katika mwezi wa kwanza, karibu watu 50,000 walikufa katika makambi ya Goma, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Kisha chakula. Mwanzoni msaada ulipita mikononi mwa viongozi wa kambi, karibu wote wanaume. Waganga waliochunguza makambi wakati ule waliona kwamba jamaa zinazoongozwa na mama peke yake ziliumia kwa njaa kuliko zingine. Kambi ni moja, mvua ni moja, lakini vita haikuwa ileile kwa bwana na kwa bibi.

Na kuni? Zilikatwa Virunga, mbuga iliyoanzishwa 1925. Mwezi wa kumi 1996 kambi ilishambuliwa, na karibu watu laki mbili wakakimbilia Mugunga. Vitabu vingi vinafunga sura pale. Wamama wenyeji walibaki na msitu uliokatwa, na chakula ni lazima kiive kila siku.

M23 ilishika Kibumba 2012, jeshi la serikali likairudisha mwezi wa kumi 2013. Mwaka 2022 vita ikarudi. Mara zote mbili watu walishuka Kanyaruchinya na mikeka na watoto mgongoni. Kule makambini kuni zikawa tena mtego: wamama wengi walibakwa walipokwenda kuzitafuta. Mwaka 2023, shirika la MSF lilitibu watu zaidi ya 25,000 waliotendewa ubaya huo katika Kongo, wengi wao Kivu ya Kaskazini. Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025, wakimbizi wa ndani waliamuriwa kuacha makambi. Mwenye kurudi shambani alirudi kwa udongo bila mbegu.

Wengine watasema: fikra hizi za haki za wanawake ni za Wazungu. Sivyo. Mwaka 2000 Marie Béatrice Umutesi, Mnyarwanda aliyeishi ukimbizini Kivu, alitoa kitabu juu ya safari yake ya miguu ndani ya msitu wa Zaire. Hakuandika kama jenerali. Aliandika juu ya njaa, miguu iliyovimba, na wanawake waliokokotana njiani. Wanahistoria wanakisoma leo kama ushahidi wa mambo ambayo serikali nyingi hazikutaka kuyaona.

Kumsikiliza mama si kumwonea huruma tu. Mashu, viazi na puaro za Kibumba zimelisha Goma miaka mingi, na katika biashara hiyo wamama wako mbele. Mwenye kulisha mji ana neno katika historia ya mji.

Sasa tuombe nini? Kila jamaa iandike. Aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1994 leo ni bibi kizee. Mumwulize alichota maji wapi, alificha mbegu wapi, nani alimpokea. Asiyetaka jina lake litajwe, lisitajwe. Na asiyetaka kusema, mumwache kwa heshima. Lakini asikose kusema kwa sababu tu hakuna aliyemwuliza.